Ogunde: Askari Aliyevua Sare Akapanda Jukwaani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa niseme machache juu ya sanaa na taifa. Jambo hilo ni pana kama bahari, na mtu akitaka kuyateka maji yote kwa mara moja huishia kurudi na kata tupu. Kwa hiyo nimeonelea nimchague mtu mmoja, nimfuate hatua kwa hatua katika kazi yake, kisha tujiulize kazi hiyo inatudai nini sisi tunaoshinda maofisini na madarasani. Mtu huyo ni Hubert Ogunde wa Nigeria, mwigizaji, mwongozaji wa michezo na mtunzi wa nyimbo, ambaye wananchi wa nchi yake humwita baba wa michezo ya kuigiza ya Nigeria.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa mtu wa kada yetu: alifundisha shule, kisha akavaa sare ya polisi. Ya pili ni kwamba michezo yake ilipigwa marufuku na serikali ya wakoloni, na baadaye ikapigwa marufuku na viongozi wa nchi iliyo huru. Tunaposimuliwa marufuku ile ya kwanza, sote humshangilia msanii na kumlaani mkoloni. Tunaposimuliwa ile ya pili, ndimi zetu huwa nzito. Leo nataka tuufungue uzito huo.

Ogunde alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Ososa, karibu na mji wa Ijebu-Ode, katika nchi ya Wayoruba. Alilelewa kati ya mambo mawili. Upande mmoja lilikuwapo kanisa, pamoja na kinanda chake na kwaya yake. Upande wa pili zilikuwapo mila za wazee, ngoma za matambiko, na wacheza vinyago wa Egungun ambao huwakilisha mizimu ya wahenga. Watoto wengi wa Afrika waliolelewa hivyo walifundishwa kuuchagua upande mmoja na kuuonea haya wa pili. Ogunde aliyachukua yote mawili. Alipokuwa mwalimu alipiga kinanda kanisani, na ngoma za kijijini hazikumtoka masikioni.

Hapa yafaa nieleze jambo moja la lugha, kwa maana ndilo shina la sanaa yake. Kiyoruba ni lugha ambayo neno hubadilika maana kwa kupandisha au kushusha sauti. Wamisionari walipotafsiri tenzi za Kiingereza na kuziimbisha kwa mahadhi yale yale ya Ulaya, maneno mengi yalipotoka: sauti ilipanda mahali ilipopaswa kushuka, na muumini akajikuta anaimba jambo asilolikusudia. Makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe yaliliona kosa hilo, yakaanza kutunga nyimbo zinazofuata mwendo wa lugha, na kutokana na nyimbo hizo yakazaa maigizo ya kuimbwa ya visa vya Biblia. Kumbe basi vita vya kurudisha heshima ya lugha vilianzia katika kwaya, kabla havijafika katika mikutano ya siasa.

Mwaka 1941 Ogunde aliacha ualimu akajiunga na polisi. Baadaye alihamishiwa Ebute Metta, Lagos, na huko kanisa moja lilimtaka atunge igizo la kuchangisha fedha. Alitunga mchezo uitwao The Garden of Eden and the Throne of God, ukaonyeshwa katika Ukumbi wa Glover mjini Lagos tarehe 12 Juni 1944. Watu walizoea kuwaona waimbaji wa maigizo ya kanisa wamesimama wima mahali pamoja kama nguzo. Ogunde aliwafanya watembee, wacheze, wakasirike na kulia jukwaani. Wananchi walimiminika. Askari yule alitambua kwamba amepata wito wake. Kabla mwaka 1946 haujamalizika alikuwa amekwisha kuvua sare, ameacha mshahara wa kila mwezi na kuunda kundi la kuigiza lililotegemea kiingilio cha mlangoni. Wanahistoria wa sanaa ya Nigeria hulihesabu kundi hilo kuwa la kwanza nchini humo kuufanya uigizaji kuwa kazi ya kuwalisha watu.

Ndugu zangu, nawaomba mlipime jambo hilo. Mtumishi wa serikali ya kikoloni alikuwa na nafasi ambayo ndugu zake wote waliitamani. Kuiacha nafasi hiyo kwenda kuimba barabarani kulionekana kuwa wazimu. Lakini kutoka siku ile hakuna bwana mkubwa aliyeweza kumtisha kwa kumnyima mshahara. Mwajiri wake alikuwa ni yule fundi, mchuuzi au karani aliyenunua tiketi. Uhuru wote alioutumia baadaye kusema kweli ulitokana na hapo.

Nao ukweli haukukawia kumdai. Mwezi Juni 1945 wafanyakazi wa reli, wa posta na simu na wa idara nyingine za serikali nchini Nigeria walianza mgomo mkubwa. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za vyakula, na serikali ilikataa kuwaongezea posho ya gharama za maisha iliyolingana na shida yao. Mgomo ule, ambao kiongozi wake mashuhuri alikuwa Michael Imoudu wa chama cha wafanyakazi wa reli, ulidumu zaidi ya mwezi mmoja. Mwaka huo huo Ogunde alitunga mchezo wa nyimbo uitwao Strike and Hunger, yaani mgomo na njaa. Kundi lake lilipoupeleka Jos, kaskazini ya nchi, polisi waliukatiza na Ogunde akashtakiwa.

Hakunyamaza. Tarehe 18 Novemba 1949 polisi waliwapiga risasi wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa wamegoma katika bonde la Iva, mjini Enugu, wakaua watu 21. Mwaka uliofuata Ogunde alileta jukwaani mchezo uitwao Bread and Bullet, mkate na risasi. Watawala wa kaskazini waliuzuia. Tazameni jinsi njia za mtu zinavyopindana: aliyekuwa askari polisi sasa anawaimbia wale waliopigwa risasi na polisi, na polisi wanamngojea mlangoni.

Lakini nisiwadanganye kwamba Ogunde alikuwa na adui mmoja tu, yaani mzungu. Mwaka 1946 alitunga mchezo uitwao Human Parasites, ambao ulishambulia desturi ya aso ebi. Desturi hiyo huwataka ndugu na marafiki wote wa mwenye shughuli washone nguo za kitambaa kimoja, awe mtu anazo fedha au amekopa. Mkoloni hakuwa na hatia katika hilo. Aliyeambiwa ni mtazamaji mwenyewe, aliyekaa pale na nguo yake mpya mwilini. Msanii anayelisema kosa la mtawala hupigiwa makofi. Anayelisema kosa la wale walionunua tiketi huyahatarisha makofi hayo, na Ogunde alikubali kuyahatarisha.

Sasa niseme namna alivyofanya kazi yake, kwa maana wengi wetu hudhani kwamba sanaa hushuka kutoka mbinguni. Kundi lilisafiri kwa gari kutoka mji hadi mji. Lilipofika, lilizunguka mitaani kwa ngoma na kutangaza onyesho la usiku. Onyesho lilifunguliwa kwa nyimbo na dansi za kuwachangamsha watu, ndipo ukafuata mchezo wenyewe, na mwisho kundi zima likarudi jukwaani kuimba wimbo wa kufunga uliokusanya funzo la usiku ule. Mpango huo ulikuwa na hekima. Mtu aliweza kulisahau jina la mfalme wa mchezoni, bali wimbo alikwenda nao nyumbani, na kesho yake aliuimba kazini.

Muziki wake nao ulibadilika kwa kadiri watu walivyobadilika. Alianza na sauti za kwaya, akaingiza ngoma za Kiyoruba, kisha gita na saksafoni za bendi za mjini. Mwaka 1947 alikwenda Uingereza, akajifunza dansi za huko. Alipozuru Gold Coast mwaka 1948, aliwakuta watazamaji wasiojua Kiyoruba, naye akajifunza kuutegemea zaidi muziki na dansi mahali ambapo maneno hayafiki. Mtu huyu alikuwa mtunzi, mwongozaji, mwigizaji mkuu, mwalimu wa dansi na mweka hazina kwa wakati mmoja.

Kulikuwa na tatizo la wanawake. Siku zile msichana wa kupanda jukwaani kwa malipo alidhaniwa kuwa mhuni, na wazazi waliogopa. Mwaka 1946 Ogunde aliwatangaza hadharani waigizaji wa kike wanaolipwa, jambo ambalo lilikuwa jipya kabisa. Baadaye, ili kuwatuliza wazazi na kulishika kundi lisivunjike, aliwaoa waigizaji wengi wa kundi lake. Sisemi kwamba hilo ni la kuigwa. Kazi na ndoa zikiwa mkononi mwa mtu mmoja, mwanamke hana pa kupeleka malalamiko yake. Lakini ni haki pia kukiri kwamba wanawake hao ndio waliolibeba kundi, jukwaani na safarini. Mmoja wao, Adeshewa, aliyependwa sana na watazamaji, alifariki mwaka 1970 kwa ajali ya gari wakiwa njiani kwenda kuigiza. Sanaa ile ililipiwa kwa jasho, na mara nyingine kwa uhai.

Sasa nafika pale penye uzito.

Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Katika Jimbo la Magharibi, nyumbani kwa Wayoruba, chama tawala kiligawanyika mwaka 1962 kati ya Chief Obafemi Awolowo, aliyekuwa kiongozi wa chama, na Chief S. L. Akintola, Waziri Mkuu wa jimbo. Awolowo alitiwa hatiani mwaka 1963 akafungwa jela, naye Akintola akaendelea kutawala kwa kuungwa mkono na wakubwa wa kaskazini. Mwaka 1964 Ogunde alitunga mchezo uitwao Yoruba Ronu, maana yake Wayoruba, tafakarini. Ulisimulia habari za mfalme aliyesalitiwa na msaidizi wake, na taifa lililotumbukia katika dhiki kwa sababu ya mafarakano ya wana wake. Hakumtaja mtu hata mmoja. Hapakuwa na haja. Uliigizwa Ibadan mbele ya Waziri Mkuu mwenyewe, naye aliinuka akatoka nje. Mwezi Machi 1964 kundi la Ogunde likapigwa marufuku katika Jimbo zima la Magharibi.

Nani aliyekuwa Akintola? Alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi mjini Lagos, kisha akawa mhariri wa gazeti lililopigania uhuru. Katika kukitumia Kiyoruba kwa mafumbo na mizaha wachache walimfikia. Ndugu zangu, aliyeufunga mdomo wa mtunzi alikuwa mwalimu na mwandishi wa habari, mtu aliyezijua nguvu za maneno kuliko wengi. Mkoloni aliipiga marufuku sanaa hii akiwa mgeni wa lugha. Akintola aliipiga marufuku kwa sababu aliielewa barabara.

Ogunde alijibu kwa mchezo mwingine mwaka ule ule wa 1964, akauita Otitokoro, yaani ukweli ni mchungu. Aliuonyesha nje ya mipaka ya amri ile. Lakini marufuku ya karibu miaka miwili katika jimbo lenye watazamaji wake wengi ni kama kumfungia mvuvi pwani. Wanaozifahamu hesabu za kundi linaloishi kwa kiingilio hawahitaji kuelezwa zaidi.

Je, marufuku ile ililinda nini? Mhenga alisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wimbo ulizuiwa, na maradhi yaliyoimbwa yakabaki pale pale. Mwezi Oktoba 1965 uchaguzi wa jimbo ulifanyika kwa hila za wazi, na ghasia zikafuata: nyumba zikachomwa moto, watu wakauawa, na jimbo likashindwa kutawalika. Mwezi Januari 1966 wanajeshi walipindua serikali, na Akintola akauawa. Tarehe 4 Februari 1966 utawala mpya wa jimbo ukaiondoa marufuku ya Ogunde. Sidai kwamba mchezo mmoja ungeweza kuizuia damu ile. Nasema tu kwamba mtu mmoja alisimama mbele ya mtawala, kwa adabu ya fumbo, akamwambia nyumba inaungua, na mtawala akaona vyema kumtoa mpiga mbiu kuliko kuuzima moto.

Kuna ndugu watakaosema, taifa changa ni kama mche, haliwezi kuachiwa kila upepo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Afrika imeona maneno yaliyochochea watu wa nchi moja kuchinjana, na serikali inayokaa kimya mbele ya maneno ya namna hiyo haitimizi wajibu wake. Lakini ndiyo sababu inatupasa tujue kutenganisha. Mchochezi humwonyesha mwananchi jirani yake na kumwambia, huyu ndiye adui, mpige. Yoruba Ronu ilimwonyesha mwananchi nafsi yake na kumwambia, tafakari. Afisa asiyeweza kuona tofauti ya maneno hayo mawili hastahili kupewa mhuri. Na afisa anayeiona tofauti hiyo, akapiga mhuri wa kukataza kwa kuogopa uso wa mkubwa wake, ana hatia kubwa zaidi kuliko yule asiyejua.

Maisha ya Ogunde yana neno jingine linalotuhusu. Baada ya 1966 alirudi katika miji yake, na njia aliyoifungua ikajaa watu. E. K. Ogunmola, Duro Ladipo na Moses Olaiya walikuwa na makundi yao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 makundi ya namna hiyo katika nchi ya Wayoruba yalikadiriwa kuzidi 100. Kisha alipoona televisheni na sinema zinawavuta watazamaji, aliingia katika filamu. Aiye ilitoka mwaka 1979, Jaiyesimi mwaka 1980, Aropin N'Tenia mwaka 1982, na Ayanmo mwaka 1988. Visa vya wachawi na waganga alivyoviona utotoni Ososa vilijaa katika filamu hizo, na watu walipanga foleni kuzitazama.

Katika miaka ya 1980 serikali ya shirikisho ilimwita aunde kundi la taifa la sanaa. Naye aliitika. Yule ambaye dola ilimfukuza katika kumbi sasa alikabidhiwa vijana wa makabila mbalimbali awafunze kwa jina la nchi. Wako waliomwona kama mtu aliyenyamazishwa kwa heshima. Mimi naliona jambo hilo kwa namna nyingine. Serikali ilimwita wakati jina lake lilikuwa limekwisha kujengwa na wananchi kwa miaka 40, na kwa hiyo alikwenda akiwa na miguu yake mwenyewe. Taabu huja pale msanii anapoanzia mlango wa serikali bila kupita kwanza mlango wa watu. Huyo hana sauti ya kupoteza, wala hana ya kumpa taifa.

Ogunde alifariki London tarehe 4 Aprili 1990, akazikwa kwao Ososa. Aliacha michezo inayozidi 40. Lakini sehemu kubwa ya michezo hiyo haikupigwa chapa kuwa vitabu. Ilikaa katika kichwa chake, katika koo za waigizaji, na katika sahani chache za santuri. Kundi lilikuwa ni yeye na jamaa yake, na alipoondoka halikuweza tena kuwa lile lile. Hapo ndipo naona pengo kubwa katika kazi yake njema, na pengo hilo halikuwa lake peke yake. Lilikuwa pia la wasomi wa wakati wake, ambao kwa miaka mingi waliihesabu kuwa tamthiliya ile tu iliyoandikwa kwa Kiingereza, huku walimu na makarani wenyewe wakienda kumtazama Ogunde usiku na kurudi kufundisha Shakespeare asubuhi. Ebun Clark alipotoa kitabu chake juu ya kazi ya Ogunde mwaka 1979, miaka 35 ilikuwa imepita tangu usiku ule wa Ukumbi wa Glover.

Ndugu walimu, katika kila wilaya yuko mtu wa namna hii, mdogo au mkubwa. Huenda ni kiongozi wa kwaya, manju wa ngoma, au kijana anayetunga vichekesho vya jioni. Mwiteni shuleni. Wanafunzi wayaandike maneno yake kwa mkono wao, pamoja na jina lake na mwaka alioyatunga, na daftari lile litunzwe. Kazi hiyo haihitaji fungu la fedha kutoka makao makuu.

Nanyi ndugu maafisa, siku moja faili litawekwa mezani kwenu, ndani yake mna ombi la kibali cha mchezo, na pembeni mtu ameandika kwa wino kwamba mchezo huu utawaudhi wakubwa. Kabla hamjashika kalamu, nendeni kwanza mkautazame. Kaeni nyuma, katikati ya watu waliolipa kiingilio, msikilize wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Pale wanaponyamaza ndipo pana taarifa ambayo hakuna afisa atakayewaandikia. Mkiisha kuisikia, rudini ofisini mkaamue, na jina lenu liwe chini ya uamuzi huo.